Verckys: domo la bata na daftari la hesabu

Wapenzi wa muziki wa zamani wana tabia ya kumgawa Verckys vipande viwili kama mkate. Kipande cha kwanza ni mpuliza saksafoni, kijana wa miaka 19 aliyeingia OK Jazz ya Franco mwaka 1963 na kuwafanya watu wageuze shingo kutoka kwenye gitaa. Kipande cha pili ni tajiri wa Kinshasa, bwana mwenye lebo, studio, kiwanda cha santuri na ukumbi wa kujirusha. Kisha hukumu inatolewa: fedha ilimuua mwanamuziki. Hukumu hiyo nimeisikia stendi ya Misuna, nimeisikia kwa fundi redio mmoja mzee hapa Singida mjini ambaye nyumbani kwake santuri ni nyingi kuliko viti, na nimeikuta hata kwenye maandishi. Mimi siikubali. Nasema aliyepuliza na aliyehesabu ni mtu mmoja, na alianza kuhesabu kwa sababu ya kupuliza. Mnivumilie nieleze, maana jambo hili linatuhusu sisi tunaoandika kuliko linavyowahusu wacheza dansi.

Kwa wenzangu tuliokulia kwenye Bongo Fleva na hatulijui hata hilo jina: Georges Kiamuangana Mateta alizaliwa tarehe 19 Mei 1944 huko Kisantu, kusini-magharibi ya Kinshasa, enzi za Mbelgiji. Usilitafute neno Verckys kwenye lugha yoyote ya Kongo, halimo. Kijana alikuwa amemzimikia mpuliza saksafoni wa Kimarekani, King Curtis. "Curtis" akalisikia vibaya, likamtoka mdomoni "Verckys", likaganda hivyo hivyo mpaka kaburini. Watu wanalisimulia hili kama kichekesho. Mimi linanigusa kwa sababu nyingine. King Curtis ni nani? Sikiliza "Respect" ya Aretha Franklin ya mwaka 1967, ile saksafoni inayoingia katikati ni yake. Sikiliza "Yakety Yak" ya The Coasters ya mwaka 1958, ni yeye tena. Sisemi hakuwa na santuri zake mwenyewe, alikuwa nazo na zilipendwa. Lakini dunia inamjua zaidi kwa pumzi aliyoitoa kwenye nyimbo ambazo jina kubwa kwenye lebo ni la mtu mwingine. Alichomwa kisu nje ya nyumba yake New York, Agosti 1971, akafa. Huyo ndiye aliyechaguliwa na kijana wa Kisantu kuwa somo yake, na hata jina lenyewe likafika limepinda.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Katika bendi ya rumba mpuliza domo la bata ni kibarua mwenye heshima. Mwimbaji ana hadithi yake, magitaa yana mazungumzo yao, wewe unasubiri. Mwimbaji akishusha pumzi, unaruhusiwa kumjibu. Beti likiisha, unapewa kadaraja kafupi upite. Wimbo ukifika kwenye sebene, pale watu wanapotoka jasho, pale ni pa gitaa la solo. Halafu kumbuka santuri ndogo za wakati ule. Upande mmoja unabeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, unasikia nusu, unageuza santuri, unasikia nusu iliyobaki. Katika dakika hizo chache nani atakupa wewe mpuliza bati nafasi ya kutosha? Na OK Jazz haikuwa bendi ya nani wala nani. Ilikuwa bendi ya Franco: mpiga gitaa ni yeye, mtunzi mkubwa ni yeye, bosi ni yeye. Saksafoni ilikuwamo tayari kabla ya Verckys, mikononi mwa Isaac Musekiwa, mtu aliyetokea Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo. Musekiwa alipuliza kiungwana. Nafasi ilikuwepo, ina ukubwa wake, na mtu alikwisha kuikalia vizuri.

Verckys hakutoshea. Ukimsikiliza kwenye nyimbo za OK Jazz za katikati ya miaka ya 60 utaona anasukuma kuta. Sauti yake ina mikwaruzo. Haingii kwenye wimbo kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Anaingia kama mtu anayeita teksi iliyo upande wa pili wa barabara. Akipewa jibu la mistari miwili anataka mitatu. Ukisoma hadithi kwa wingi unamjua mhusika wa aina hii, mhusika mdogo anayekataa kutoka kwenye sura mwandishi alipomwambia atoke. Mwandishi mwenye hekima anamfuata huyo mhusika. Mwenye bendi hana anasa hiyo.

Ndipo likatokea la mwaka 1968. Franco akiwa Ulaya, Verckys akawachukua baadhi ya wenzake wa OK Jazz, akaingia nao studio, akarekodi nyimbo zake mwenyewe na kuzitoa. Bosi aliporudi kukawa na moto. Mwaka 1969 Verckys akaondoka na kuunda Orchestre Vévé. Wazee wengi wanaliita jambo hili usaliti, na fundi wangu ni mmoja wao. Nilimwuliza, "Mzee, kwani zile nyimbo zilikuwa za nani?" Akanijibu, "Kijana, vyombo vilikuwa vya nani?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kila mtu aliyewahi kukaa karibu na bendi ya dansi anajua maana ya neno "vyombo". Magitaa, ngoma, spika, vikuza sauti, mabomba ya kupuliza. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Wewe una kipaji, yeye ana vyombo, na siku mkikosana kipaji kinatoka nje mikono mitupu.

Verckys alilielewa hilo mapema kuliko wenzake. Tazama alichofanya baada ya kuondoka. Sikiliza "Bassala Hot" ya mwanzoni mwa Vévé. Hakuna mashairi ya kusubiri. Gitaa linakwangua kama la akina James Brown, ngoma zinakaza, na saksafoni haiombi ruhusa ya mtu. Ile nafasi ndogo aliyokuwa anapewa kati ya beti na beti, hapa ndiyo imekuwa wimbo mzima. Nani angemrekodia kitu kama hicho kama lebo si yake? Au chukua "Nakomitunaka" ya mwaka 1972, ambayo kwa Kilingala ni "najiuliza". Humo mwimbaji anamwuliza Mungu mtu mweusi ametoka wapi, na kwa nini kwenye picha za kanisani watakatifu na malaika ni weupe ilhali shetani ndiye mweusi. Kanisa Katoliki halikufurahi hata kidogo. Tusimpambe mno, kwa kuwa miaka hiyohiyo Mobutu alikuwa kwenye kampeni yake ya kurudia asili na alikuwa anavutana na Kanisa juu ya majina ya Kikristo, kwa hiyo upepo wa serikali ulikuwa nyuma ya Verckys wala si usoni. Hata hivyo swali ni la haki, limeulizwa kwa sauti ya huzuni badala ya hasira, na hakukuwa na meneja wa kumwambia alikate. Hapo ndipo nauona uhuru unaotokana na kumiliki. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya dini na wimbo huo bado unanikosesha raha, ambayo ni dalili ya wimbo mzuri.

Kwa hiyo lebo, studio, na baadaye kiwanda cha kufyatua santuri, vyote hivyo navisoma kama solo moja ndefu ya saksafoni. Alitaka nafasi, akakuta nafasi ina mwenyewe, akaenda kununua nafasi.

Lakini hapa ndipo habari inapochacha, na sitaki kuificha. Orchestre Vévé ilikuwa na waimbaji watatu wakali: Matadidi, Djeskain na Sinatra. Mwaka 1972 wakaondoka wote watatu wakaunda Trio Madjesi, jina lililotokana na majina yao. Bella Bella ya ndugu wawili, Soki Vangu na Soki Dianzenza, ilikuwa chini ya mbawa za Verckys. Mwaka 1973 wakakosana wakaachana. Akaunda Lipua Lipua, mwimbaji akiwa Nyboma, ile sauti nyororo ambayo wapenzi wa rumba hapa Tanzania na Kenya hawajaichoka mpaka leo. Nyboma naye akaondoka akaanzisha Kamale. Ongeza Orchestre Kiam na bendi nyingine za vijana zilizopita kwenye milango ya Vévé. Ukipanga majina hayo kwa miaka unaona kitu kimoja kinajirudia: vijana wanakuja hawana vyombo, wanapewa vyombo, wanapata jina, wanataka nafasi kubwa zaidi, wanakuta nafasi ina mwenyewe, wanatoka. Ni Verckys na Franco tena, safari hii Verckys kakalia kiti cha Franco.

Hao wanaosema fedha ilimuua mwanamuziki wanaishia hapa na kufunga kesi. Mimi nasema subirini. Bila vyombo vya Vévé, Bella Bella wangesikika lini, na wapi? Nyboma angefikaje kwenye redio ya muuza duka wa Kindai? Santuri za Vévé zilivuka mipaka mpaka Afrika Mashariki, na hata wimbo mmoja wao una jina ambalo hatuhitaji kutafsiriwa, "Cheka Sana". Mwenye mashine alinyonya na mwenye mashine alitangaza, vyote kwa mkono mmoja, kwenye santuri moja. Mhakiki anayechagua nusu moja tu hajaisikiliza santuri, kasoma jalada.

Ili tusiongelee Wakongo tu kana kwamba kwetu hakuna wapulizaji, tumweke kando yake King Michael Enoch. Huyu miaka ya 60 alikuwa fundi wa gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz Band. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 alikuwa mmoja wa nguzo zake, na huko wapenzi wa Sikinde wakamjua kama mpuliza saksafoni. Fikiria hilo: mtu mwenye jina kubwa kwenye chombo ambacho ndicho mfalme wa bendi anakubali kushika kile kinachosubiri zamu. Na vyombo havikuwa vyake. Mlimani Park ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, nayo ilipoanguka bendi ikachukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo ile DDC iliyomo kwenye jina lake. Nuta Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki wetu alikuwa mwajiriwa. Aliingia studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, akarekodi, akatoka, kanda ikabaki kwa redio. Kiwanda cha kufyatua santuri kinachofanya kazi hatukuwa nacho, zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977 hadi 1983. Sheria yetu ya hakimiliki iliyoleta COSOTA ni ya mwaka 1999. Hesabu mwenyewe miaka mingapi pumzi za watu zilikuwa zimeshakaa kwenye makabati.

Na bado, jamani, sikilizeni Mlimani ya mwanzoni mwa miaka ya 80. Mabomba yao hayapigi kelele ya mtu mmoja. Saksafoni na tarumbeta zinaingia pamoja, zinasema sentensi moja fupi, zinairudia, zinaipindua kidogo, mpaka mwimbaji anarudi anakuta ukumbi umeshapashwa moto. Ni uandishi, huo. Mtu kakaa chini akapanga nani aseme nini na nani anyamaze. Verckys hakufanya hivyo kwa kiwango hicho, kwake mabomba mengine ni wapambe wa saksafoni yake. Kama mtindo, mimi nampenda Enoch zaidi. Namwona ni mwandishi wa riwaya, Verckys ni mtoa hotuba mzuri sana. Lakini Verckys alikufa akimiliki alichokisema.

Na wala tusidhani ajira ya shirika iliwatuliza watu wetu. Mwaka 1985 tajiri mmoja alipoanzisha International Orchestra Safari Sound aliwabeba wanamuziki sita wa Mlimani kwa mkupuo. Njaa ya nafasi ni ileile, Kinshasa na Dar.

Kuna njia ya tatu, ya Manu Dibango wa Kameruni, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 60 alipita Kinshasa hiyohiyo na African Jazz ya Kabasele. Yeye aliendelea kupuliza mpaka uzeeni na akawa anawakimbiza mahakamani wanaokula jasho lake. Aliposikia "Soul Makossa" yake ya mwaka 1972 imetumika ndani ya wimbo wa Michael Jackson, alidai na akalipwa. Alifariki Melun, Ufaransa, Machi 2020 kwa ule ugonjwa wa korona. Sawa, lakini njia hiyo inataka uwe na wakili Paris. Hata Mbelgiji aliyeibuni saksafoni na kuiandikishia haki mwaka 1846, Adolphe Sax, alikaa mahakamani miaka na miaka akipigania mali yake na washindani wake, na alifilisika zaidi ya mara moja. Chombo chenyewe kimezaliwa na kesi.

Nimesema linatuhusu. Nina muswada wa riwaya, kurasa 212 za mkono, baadhi yenu mmeusoma. Mwaka jana mchapishaji mmoja, jina nalihifadhi, alisema atautoa. Masharti: nilipwe mara moja, hela ambayo ingetosha godoro na baiskeli ya mtumba, na baada ya hapo kitabu ni mali yake, jina langu litakaa kwenye jalada kama mapambo. Baba mkubwa alisema, "Saini mwanangu, kwanza ujulikane." Mama hakusema kitu, ila aliuliza baiskeli ni bei gani siku hizi. Karatasi ile ilikaa juu ya kabati miezi minne, na wakati huo wote nilikuwa namsikiliza Verckys kwenye simu, spika mbovu, nikijaribu kujua kama alikuwa sahihi mwaka 1968.

Nadhani alikuwa sahihi. Na nadhani alilipa bei ambayo watetezi wake hawaitaji. Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa ilikusanya nyimbo zake kwenye albamu moja, na miaka iliyoandikwa kwenye jalada ni 1969 hadi 1978. Siyo kwamba baada ya hapo alilala. Miaka ya 80 milango yake ilikuwa wazi na vijana walikuwa wanapita, Langa Langa Stars na wengineo. Lakini pumzi yake mwenyewe unaisikia kwa nadra. Yule aliyejenga nyumba nzima ili saksafoni ipate chumba, alipomaliza kujenga akawa mtu wa kukusanya kodi ya vyumba. Sikitiko langu kwake ni hilo, na siyo utajiri. Utajiri wake alikuwa na haki nao. Nasikitikia sebene ambazo angezipuliza akiwa na miaka 45, kifua kimekomaa, hana wa kumwomba nafasi. Mpuliza saksafoni wa umri huo anajua kunyamaza, na katika miaka yake ya kupuliza kunyamaza ndiyo kitu pekee Verckys hakukijua. Angekutana na Enoch njiani.

Alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022. Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989. Miaka 33 na siku moja kati yao, hata kwenye kalenda kamfuata bosi kwa hatua moja nyuma.

Karatasi ya mchapishaji nimeirudisha bila saini. Muswada bado uko ndani ya boksi la viatu, na kwa sasa nachapisha humu, kwenye gazeti letu hili la kuchangiana karatasi na wino. Sasa wanachama wenzangu, naliweka mezani kabla ya mkutano wa Jumamosi: printa tunayotumia ni ya nani? Ni ya mhariri wetu. Hatutozi senti, anatuvumilia, bila yeye tusingesomwa na mtu hata hapa Singida. Na katika matoleo sita yaliyopita shairi la ukurasa wa kwanza limekuwa lake mara tano. Nimemwonyesha makala hii kabla haijatoka. Amecheka, akasema wino umebaki kidogo, lakini hii ataipiga.